Kufaulu kumepanda, je watoto wanajua zaidi?

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeingizwa kwenye timu ya kutathmini mageuzi ya kitaifa ya kusoma, hesabu na stadi za kompyuta, vyote kwa mpigo. Wizara inasema kufaulu kumepanda. Yeye anauliza: "Nitajuaje kama kupanda huku ni kwa kweli, na kama kumeletwa na mageuzi yenyewe? Na kompyuta inapimwaje, maana ripoti nilizopewa zinahesabu tableti tu? Na muda na hela tulivyo navyo ni kidogo."

Mwalimu, heshima yako. Hapo umeuliza maswali matatu na kila moja lina jibu lake, timu nyingi zinaharibu kazi kwa kuyajibu yote na grafu moja ya kufaulu.

Tuanze na hilo la kupanda. Mtihani wa taifa ndo uliotumika kuweka malengo, na wanaosimamia mageuzi ndo wanaotangaza matokeo, sasa mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Sio lazima mtu adanganye. Inatosha tu kila mtu kuanzia wizarani mpaka darasani ajue namba ipi inaangaliwa, basi nguvu zote zitaenda kwenye hiyo namba.

Chukua Uingereza. Mwaka 1998 walianza mkakati wa kitaifa wa kusoma na kuandika, saa nzima kila siku kwenye shule za msingi, 1999 ukafuata wa hesabu. Waziri wa elimu David Blunkett akaweka cheo chake rehani: ifikapo 2002 asilimia 80 ya watoto wa miaka 11 wawe wamefikia kiwango kinachotakiwa kwenye Kiingereza, na 75 kwenye hesabu. Kiingereza kikatoka asilimia 63 mwaka 1997 mpaka 75 mwaka 2000, watu wakashangilia, afu kikaganda palepale kwenye 75 mpaka 2002. Hesabu zikaishia 73. Blunkett alishahamia wizara nyingine, aliyemrithi, Estelle Morris, akajiuzulu Oktoba 2002, na malengo haya yalikuwa moja ya mambo yaliyomwandama.

Utamu uko kwenye kilichofuata. Peter Tymms wa Chuo Kikuu cha Durham akachukua vipimo vingine vya kusoma ambavyo shule hazikuwa zinahukumiwa navyo, akaweka pembeni ya matokeo rasmi, akakuta kusoma kumepanda kidogo tu, sio kwa kasi ile iliyotangazwa. Mwaka 2005 tume ya takwimu ya hukohuko ikakubali kwamba ongezeko la kati ya 1995 na 2000 lilionekana kubwa kuliko hali halisi. Lakini usikimbilie kusema yote yalikuwa hewa, maana hesabu zilikuwa na hadithi nyingine kabisa, kwenye mtihani wa kimataifa wa TIMSS watoto wa darasa la nne kule walitoka alama 484 mwaka 1995 wakafika 531 mwaka 2003, na huo hakuna waziri wa nchi yoyote anayeutunga. Yani serikali ileile, miaka ileile, na ukweli wa hesabu haukuwa ukweli wa kusoma. Ndo maana nakwambia usikubali sentensi ya "mageuzi yamefanikiwa" ikiwa imebeba masomo matatu kwa pamoja.

Marekani wana visa vyao. Texas miaka ya 1990 walijisifu sana kwa mtihani wao wa jimbo, mwaka 2000 watafiti wa RAND, shirika la utafiti la hukohuko, wakalinganisha na mtihani wa sampuli wa taifa zima unaoitwa NAEP, wakakuta kupanda kwenye mtihani wa jimbo ni kukubwa mno kuliko kule kwenye NAEP, kwa watoto wa jimbo lilelile. Hiyo ni hali ya kawaida, walimu wanafundisha yale yanayotoka. Atlanta ndo walivuka mpaka: uchunguzi wa 2011 uliwataja walimu na wakuu wa shule 178 kwenye shule 44 kwa udanganyifu wa mitihani, na kilichowaumbua ni alama za kufutwa kwenye karatasi za majibu, majibu mengi mno yamefutwa na kubadilishwa kutoka kosa kwenda sahihi.

Kwa hiyo kabla hujafika mbali omba wizarani alama za kila mtoto (bila majina, hawatakataa kirahisi), sio asilimia. Zichore. Ukiona watoto wamejazana juu kidogo tu ya alama ya kufaulu, afu chini yake kidogo kuna pengo, ujue kuna mkono wa mtu, ama kwenye usahihishaji ama walimu wameshughulika na wale wa mpakani tu na wa chini kabisa wamewaacha. Asilimia ya kufaulu haiwezi kukuonyesha hilo hata siku moja, maana kama kufaulu ni 40, mtoto anayetoka alama 39 kwenda 41 anahesabika kuwa ushindi, na aliyetoka 5 akafika 30 hahesabiki kabisa wakati huyo ndo kajifunza zaidi.

Halafu angalia nani kafanya mtihani. Kenya walipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003 watoto wengi sana wakaingia shule kwa mara ya kwanza, wengi wao kutoka familia maskini, sasa wastani ukishuka baada ya hapo haina maana kwamba kuna mtu alijifunza kidogo, ni darasa lenyewe limebadilika. Na kinyume chake kipo, tena kibaya zaidi: shule inayorudisha watoto dhaifu darasa la nyuma au kuwaambia siku ya mtihani wabaki nyumbani, wastani wake unapaa bila mwalimu kugusa chaki. Uwezo, upimaji ulioanza 2009 Kenya, Tanzania na Uganda, ulilikwepa hili kwa kuwafuata watoto nyumbani, wa shule na wasio wa shule wote, walipewa kipimo cha kiwango cha darasa la pili hata kama mtoto yuko la saba. Ukiweza fanya hivyo. Usipoweza, angalau chukua rejista ya darasa, chagua majina kwa bahati nasibu wewe mwenyewe, na asiyekuwepo rudi kesho yake. Ukimwachia mkuu wa shule akuchagulie atakuletea wale wanaokaa mbele.

Sasa swali la pili, kama ni mageuzi ndo yameleta. Hapa huwezi kulinganisha jana na leo ukaridhika, sababu kati ya jana na leo kuna mambo mengine mia yametokea, wazazi wameongeza kipato, vitabu vimeshuka bei, umeme umefika. Unahitaji shule ambazo hazikupata mageuzi, au zilichelewa kuyapata, na zinazofanana na zilizopata. Mfano wangu wa kila siku ni programu ya Marekani ya Reading First, ilikuja na sheria ya 2002, karibu dola bilioni 1 kwa mwaka kwa ajili ya kusoma madarasa ya chini. Shule zilipangwa kwa alama za uhitaji, mstari ukachorwa, walio upande mmoja wa mstari wakapata hela, wa upande wa pili wakakosa. Watathmini wakafikiria kwamba shule iliyovuka mstari kidogo na iliyokosa kidogo zinafanana karibu kila kitu, tofauti yao ni hela tu, wakazilinganisha hizo. Ripoti ya 2008 ikasema muda wa kufundisha kusoma kweli uliongezeka, watoto wa darasa la kwanza walipanda kwenye kutambua maneno, ila kwenye kuelewa walichosoma hakukuwa na tofauti ya kueleweka, darasa la kwanza mpaka la tatu. Ingekuwa wameangalia tu shule zilizopata hela jana na leo wangeandika ripoti ya furaha.

Uliza basi mageuzi yenu yaliingiaje. Kama yalianza wilaya chache afu zingine zikafuata mwaka unaofuata, hapo umepata bahati, wilaya za mwisho ndo kundi lako la kulinganisha kwa ile miaka waliyokuwa wanasubiri. Kama yaliingia nchi nzima siku moja, kazi yako ni ngumu na useme hivyo kwenye ripoti kwa herufi kubwa, usijifanye unaweza kutoa namba ambayo haipo.

Nije kwenye kupima kusoma, na hapa nitakaa kidogo maana ndo kazi utakayoifanya kwa mikono yako. Mtoto anakaa mbele yako, unampa karatasi yenye kifungu kifupi, wewe una nakala yako na saa. Anasoma kwa sauti dakika 1. Neno alilokosea unalikata, akikwama sekunde 3 unamwonyesha linalofuata, dakika ikiisha unaweka alama pale alipofika, afu unamuuliza maswali machache ya kile alichosoma. Wote kwenye timu mfanye hivyohivyo, kaeni wawili wawili mkimsikiliza mtoto mmoja kisha mlinganishe karatasi zenu, utashangaa jinsi mnavyotofautiana siku ya kwanza. Kifungu kisitoke kwenye kitabu cha darasa hata kwa dawa. Nimeona mtoto "anasoma" ukurasa mzima macho yako dirishani, kaushika kwa kichwa kutokana na kuimba na darasa, ukimgusia neno la katikati ya mstari hajui kitu. Na kifungu cha mwaka huu kisiwe rahisi kuliko cha mwaka jana, wape watoto walewale vyote viwili kabla ya kuanza, uone kama vinakwenda sawa, maana hili peke yake linaweza kukutengenezea mageuzi ambayo hayakutokea.

Kwenye ripoti anza na wale wa sifuri, yani asilimia ya watoto ambao hawakuweza kusoma hata neno moja. Wastani wa maneno kwa dakika unaweza kupanda kwa sababu wa juu wamekuwa moto zaidi huku nyuma hakuna kilichobadilika. Maneno kwa dakika usilinganishe kati ya lugha na lugha, neno moja la Kiswahili linabeba kile ambacho Kiingereza kinagawa kwa maneno manne matano. Na kwa Kiswahili hasa, kwa vile kinaandikwa kama kinavyotamkwa, mtoto anaweza kukusomea vizuri tu na asielewe chochote, kwa hiyo yale maswali ya mwisho usiyarushe.

Uganda kaskazini kuna utafiti wa Kerwin na Thornton unaonyesha vizuri unavyoweza kudanganywa na kipimo ulichochagua. Programu ya kusoma kwa lugha ya mama ilifanya vizuri sana ilipotolewa kamili. Wakaijaribu na ya bei nafuu, waliyopunguza vitu kadhaa: faida ya kusoma ikawa ndogo isiyoaminika, na baadhi ya stadi za kuandika zikashuka chini ya shule ambazo hazikupata chochote. Ila ukipima kutaja majina ya herufi tu, hiyo ya bei nafuu ndo inaonekana dili. Mtu wa bajeti angeichukua hiyohiyo.

Hesabu nitasema machache. Usipime jibu peke yake, pima na njia. Mpe mtoto 52 kutoa 27, wengi watakuandikia 35. Hiyo sio bahati mbaya, kwenye mamoja katoa 2 kwenye 7 kwa sababu ndo inayotoka, hana habari ya kukopa kumi. Mtoto mwingine kaandika 26, huyu kakosea kuhesabu tu ila wazo analo. Kwenye mtihani wa kuchagua jibu wote wawili wana sifuri na wewe hujui mageuzi yamegusa nini. Pia maswali ya maneno msomee kwa sauti, la sivyo unampima kusoma kwa mlango wa nyuma, na mageuzi ya kusoma yakifanikiwa alama za hesabu nazo zitapanda bila mtoto kuongeza hesabu yoyote, afu mtampongeza mtu wa hesabu bure.

Haya, kompyuta. Umeona mwenyewe kwamba wanahesabu tableti, na kuhesabu vifaa ni kupima manunuzi. Ukitaka kutathmini lazima kwanza uwaulize waliobuni mageuzi walitaka nini: kompyuta iwe chombo cha kufundishia kusoma na hesabu, au watoto wajue kompyuta yenyewe? Ni vitu viwili na ushahidi wake hauendi pamoja. Peru waligawa laptopu za bei nafuu kwenye shule za msingi za vijijini, utafiti wa shule 319 uliotoka 2012 ukakuta idadi ya kompyuta kwa mwanafunzi imetoka 0.12 mpaka 1.18, na kwenye lugha na hesabu hakuna kilichobadilika. Romania serikali iliwapa familia maskini vocha ya euro 200 wanunue kompyuta ya nyumbani, wakalinganishwa waliopata kidogo na waliokosa kidogo kwa mstari wa kipato, mtindo uleule wa Reading First: waliopata walijua kompyuta zaidi, ila alama zao za shule zikashuka. Ukiuliza swali la kwanza ni hasara, ukiuliza la pili ni faida.

Sio kwamba teknolojia haisaidii. Delhi kuna programu ya Mindspark inayompa mtoto mazoezi ya kiwango chake halisi, sio cha darasa alilopo, na ndani ya miezi minne na nusu watoto walipanda sana hesabu na Kihindi. Ila mfano ninaoupenda zaidi ni wa Kisumu, kwenye PRIMR, mradi wa majaribio wa kusoma na hesabu ambao baadaye ulizaa Tusome, programu ya kusoma ya nchi nzima, mwaka 2015. Walijaribu mambo matatu, tableti kwa maafisa wanaotembelea shule, tableti kwa walimu, na visomeo vya kielektroniki kwa wanafunzi. Vyote vilisaidia, lakini havikuizidi kwa uhakika programu ya kawaida ya vitabu na mafunzo, na ukiweka gharama, ya maafisa ndo ilikuwa nafuu kwa mbali, sababu afisa mmoja ana shule nyingi. Tusome wakachukua hiyo. Afisa alikuwa anakaa darasani, anaangalia somo, anawasikiliza watoto wachache wakisoma, anaingiza kwenye tableti, na wakubwa wanaona. Mageuzi mengi yanafanya kinyume, yanaanza na kifaa cha mtoto kwa vile ndo kinachopendeza kwenye picha ya uzinduzi.

Kama lengo ni stadi yenyewe, mpe mtoto kazi afanye mbele ya mashine. Usimuulize "unajua kutumia kompyuta?", kila mtoto atasema ndio, na usimpe mtihani wa karatasi wa kutaja sehemu za kompyuta (bado upo, amini usiamini). Mpe faili, mwambie alifungue, arekebishe sentensi moja, alihifadhi kwa jina jipya kwenye folda uliyomtajia, afu alitafute tena. Mpe kurasa mbili zinazosema mambo yanayopingana, akwambie anaamini ipi na kwa nini. Hapo kwenye kuhifadhi ndo wengi wanapotea. Upimaji wa kimataifa wa ICILS unafanya kwa kazi za namna hii kwa vijana wa darasa la nane, na mwaka 2018 waliofika ngazi ya juu kabisa walikuwa asilimia 2 tu, kwenye nchi ambazo nyingi zina intaneti kila kona. Kuzaliwa na simu mkononi hakumfundishi mtu kuchuja habari.

Kuna jambo hukuliuliza ila litakukuta. Kabla ya kusema mageuzi yameshindwa hakikisha yalifanyika. Ingia madarasani bila taarifa, angalia kama vitabu vimefunguliwa au viko kabatini vimefungwa na plastiki. Kenya walijaribu walimu wa mkataba, shule zilizosimamiwa na shirika lisilo la kiserikali watoto walipanda, zilizosimamiwa na serikali hakuna kitu, na wazo ni lilelile. Tanzania, utafiti wa shule 350 ulikuta ruzuku peke yake haikupandisha matokeo na bonasi kwa walimu peke yake ilileta majibu mchanganyiko, ila shule zilizopata vyote viwili zikapanda vizuri, zaidi ya kujumlisha kimoja kimoja. Kwa hiyo mtu akikwambia "ruzuku haifanyi kazi" muulize haifanyi kazi pamoja na nini.

Kuhusu muda na hela, ulisema mna kidogo. Basi msipime watoto wengi kwenye shule chache, pimeni wachache kwenye shule nyingi, watoto 10 kwa shule 60 watakwambia mengi kuliko 60 kwa shule 10, maana wa shule moja wanafanana kwa mwalimu, kijiji na kila kitu. Hifadhini vifungu na maswali mliyotumia, msivichapishe popote, viwe vilevile miaka mitatu ijayo. Na ripoti kabla haijaandikwa, kubalianeni na wizara kwa maandishi kwamba itatoka vyovyote matokeo yatakavyokuwa, na mtaje kabisa kwenye hayo maandishi ni vipimo vipi mtavitangaza kwanza. Mkisubiri mpaka namba ziwe mezani kila mtu atakuwa na kipimo anachokipenda.